Viatu vya ngozi: Twahara tunaiuliza, dhulma hatuiulizi

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, wenye kusema na wasiosema. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, Maswahaba wake na kila anayefuata mwenendo wake hadi Siku ya Kiyama. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, jambo lililonifanya nishike kalamu lilitokea msikitini baada ya swala ya Magharibi. Kijana mmoja wa kidato cha nne alikuwa mlangoni anavaa viatu vyake. Vilikuwa viatu vyeusi vya ngozi, vya mtumba, vimepigwa dawa vikang'aa. Mzee mmoja akavitazama, akainama, akakinyakua kimoja na kukigeuza aone ndani. Kisha akatangaza kwa sauti tuliyoisikia sote kuwa ngozi ile ya ndani ni ya nguruwe, na kwamba kijana huyu amekuwa akiingiza najisi katika nyumba ya Allah.

Watu wakajaa. Mmoja akasema swala zake zote ni bure, azirudie. Mwingine akasema kapeti la safu za nyuma lioshwe mara saba, moja kwa udongo. Kijana hakujibu neno. Aliviacha viatu palepale ngazini, akaenda kwao peku.

Nami nilikuwepo. Mimi ninayekula mshahara kwa kusomesha dini nilinyamaza, kwa sababu mzee yule ana heshima yake mtaani na sikutaka kubishana naye mbele za watu. Ijumaa mbili zikapita kijana haonekani. Nilipokwenda nyumbani kwao, mama yake alinikaribisha kwenye mkeka, akaniambia: "Ustadhi, viatu vile nilivinunua kwa pesa ya vitumbua. Sikuuliza ni ngozi ya mnyama gani. Sasa niambie, nimemwingiza mwanangu motoni?"

Swali la mama huyu ndilo ninalotaka tulitazame leo kwa utulivu. Nalo likishajibiwa, yapo mengine juu ya viatu hivihivi ambayo hakuna aliyeyauliza jioni ile, na ambayo naogopa yatakuwa mazito zaidi mbele ya Allah (s.w.).

NGOZI NI NEEMA

Tuanze na msingi. Katika Suratun-Nahl, aya ya 80, Allah (s.w.) anatuhesabia neema zake, na miongoni mwake anataja makazi yanayotengenezwa kwa ngozi za wanyama wa mifugo, mepesi kubebwa wakati wa safari na wakati wa kutua. Mtu hahesabiwi neema kwa kitu kilichoharamishwa. Hivyo ngozi ya mnyama wa halali aliyechinjwa kisharia ni halali, na kuitumia ni kushukuru.

Mtume (s.a.w.) mwenyewe alivaa viatu vya ngozi. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Abdullah bin Umar (r.a.) aliulizwa kwa nini anapenda kuvaa viatu vya ngozi iliyotengenezwa na kuondolewa manyoya, akajibu kuwa alimuona Mtume (s.a.w.) akivaa viatu vya namna hiyo na akitawadha navyo. Katika Sahih Muslim tunasoma kuwa akiwa safarini aliwahimiza Maswahaba wazidishe kuvaa viatu, kwa kuwa mwenye viatu ni kama aliyepanda mnyama. Zaidi ya hayo, sharia imeifanya khofu ya ngozi kuwa sehemu ya ibada: mkazi anapangusa juu yake mchana na usiku mmoja, msafiri michana mitatu na usiku wake. Wazee wetu wa pwani nao wamevaa makubadhi ya ngozi kizazi baada ya kizazi, wakaenda nayo Ijumaa na maulidini, bila ya mtu kuona shaka.

KONDOO WA MAIMUNA

Je, ngozi ya mnyama ambaye hakuchinjwa kisharia? Hili ndilo linalowasumbua wengi, maana viatu vingi tunavyovaa mijini vimetoka Ulaya, China na kwingineko, na hatujui ng'ombe yule alichinjwa na nani.

Jawabu limo katika kisa mashuhuri kilichopokewa na Ibn Abbas (r.a.) katika Bukhari na Muslim. Mjakazi aliyeachwa huru na Bibi Maimuna (r.a.), mke wa Mtume, alipewa kondoo wa sadaka. Kondoo yule akafa. Mtume (s.a.w.) alipompita amelala amekufa, aliwauliza kwa nini wasiichukue ngozi yake, wakaitengeneza na kunufaika nayo. Wakamwambia kuwa huyo ni mzoga. Akawabainishia kuwa kilichoharamishwa ni kumla. Na katika hadith nyingine ya Ibn Abbas iliyopokewa na Muslim, Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa ngozi ikishatengenezwa huwa imetwaharika.

Kutengeneza huko ndiko wanazuoni wanakoita dibagha. Zamani Waarabu walitumia maji na maganda ya mti wa jamii ya mgunga uitwao qaradh, ambayo yana ukali wa kukausha mafuta na unyevu na kuzuia ngozi isioze. Kwetu Afrika Mashariki yametumika magome ya miti ya miwati. Viwanda vingi vya leo vinatumia chumvi za kromiamu. Njia zimebadilika, lakini lengo ni lilelile: ngozi mbichi inayooza inageuzwa kuwa kitu kikavu, safi na cha kudumu.

Ni uaminifu wa elimu kusema kuwa wanazuoni hawakuafikiana katika kila kipengele. Imamu Shafi, ambaye wengi wetu pwani hii tunafuata madhehebu yake, anasema dibagha hutwaharisha kila ngozi isipokuwa ya mbwa na ya nguruwe. Imamu Abu Hanifa anaondoa nguruwe tu, na ngozi ya binadamu kwa ajili ya heshima yake. Kauli mashuhuri ya Imamu Malik na ya Imamu Ahmad ni kuwa ngozi ya mzoga haitwahariki kikamilifu hata ikitengenezwa. Na wapo waliosema dibagha inafaa kwa wale wanyama wanaoliwa nyama tu.

Tunachokipata hapa ni kuwa kiatu cha ngozi ya ng'ombe, mbuzi au kondoo iliyokwisha kupita kiwandani ni twahara kwa mujibu wa hadith hizi sahihi na madhehebu yetu, hata kama mnyama hakuchinjwa na Muislamu. Nusu ya wasiwasi wetu inaishia hapo.

NGURUWE NA MLANGO WA MSIKITI

Imebaki nusu ya pili. Ni kweli viwanda vingi hutumia ngozi ya nguruwe, hasa kwa kitambaa cha ndani cha kiatu, kwa kuwa ni laini na bei yake si kubwa. Muislamu akijua kwa yakini kuwa kiatu kina ngozi hiyo, asikinunue, na akiwa nacho akiache. Katika hili hakuna kulegeza.

Lakini yakini inapatikana vipi? Ngozi ya nguruwe ina vitundu vya vinyweleo vilivyokaa vitatu vitatu, kama mafiga. Ya ng'ombe vitundu vyake ni vidogo na vimesambaa. Hata hivyo ngozi ikisuguliwa, ikapasuliwa tabaka au ikapakwa rangi nzito, alama hizo hupotea, na hapo hata fundi mzoefu anaweza kukosea. Vilevile ile alama ya ngozi iliyotandazwa unayoiona ndani ya viatu vilivyotoka Ulaya inakwambia tu kuwa hii ni ngozi na wala si kitambaa au plastiki. Sheria ya Ulaya ya mwaka 1994 iliyoleta alama hizo haikulazimisha kutajwa jina la mnyama. Kwa hiyo anayesoma alama hiyo na kutangaza kuwa ameona nguruwe, ameona jambo ambalo halikuandikwa.

Hapa ndipo inapoingia kanuni wanayoisoma wanafunzi wetu mwanzo kabisa wa fiqhi, kuwa yakini haiondolewi na shaka. Asili ya vitu ni twahara mpaka ithibiti vingine. Nilimwomba mama yule viatu vile, kwani jirani alikuwa ameviokota na kuwarudishia. Nikavipeleka kwa fundi viatu mmoja wa Kariakoo ambaye ameshika sindano zaidi ya miaka ishirini. Akavigeuza, akakwangua kidogo kwa kisu, akatazama juani. Akasema juu ni ng'ombe bila ya shaka, ndani ni ngozi iliyopasuliwa tabaka, haiwezi kusemwa kitu. Basi kwa ushahidi wa mtu wa kazi, najisi ile iliyotangazwa mlangoni haikuwa na uthibitisho.

Hata tukidhani ingethibiti, bado hukumu isingekuwa ile iliyotolewa pale ngazini. Kijana alivua viatu nje kama tunavyovua sote, na miguu yake ilikuwa na soksi. Kikavu kikigusana na kikavu hakihamishi najisi. Ni kweli madhehebu yetu yanataka kilichoguswa na nguruwe kwa unyevu kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Lakini Imamu Nawawi, ambaye ni nguzo ya madhehebu hayohayo, ameeleza kuwa kwa upande wa dalili, kuosha mara moja kunatosha katika najisi ya nguruwe. Na kijana huyu hutia udhu kila swala.

Ama kuzirudia swala, tukumbuke hadith ya Abu Said al-Khudri (r.a.) iliyomo katika Abu Daud. Mtume (s.a.w.) alikuwa akiswalisha na viatu, akavivua katikati ya swala. Maswahaba nao wakavua. Alipomaliza aliwauliza sababu, wakasema wamemuona yeye amevua. Akawafahamisha kuwa Jibril alimjia kumweleza kuwa viatu vile vina uchafu. Akaendelea na swala ile bila ya kuianza upya. Katika madhehebu ya Shafi kauli inayotegemewa ni kuwa aliyejua baadaye kwa yakini arudie, lakini wanazuoni wengine wengi, na ndiyo kauli ya zamani ya Imamu Shafi mwenyewe, wanasema asiyejua harudii, na hadith hii ni miongoni mwa hoja zao. Hukumu ya kusema "swala zote ni bure" kwa jambo la kudhania haina mahali katika kauli yoyote kati ya hizo.

Tazama pia adabu ya Jibril katika hadith hiyo. Alimjulisha Mtume peke yake, kwa siri, kisha Mtume akawaeleza watu mwenyewe. Sisi tumempigia kelele mtoto wa watu mbele ya halaiki.

NGOZI ZA WANYAMA WAKALI

Nitapita haraka kwenye jambo ambalo haliwagusi wengi. Mtume (s.a.w.) amekataza kutumia ngozi za wanyama wakali wawindao, kama ilivyopokewa na Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Simba na chui wamo. Siku hizi wapo matajiri wanaojifakharisha kwa mikanda ya chui na viatu vya mamba. Wanazuoni wametaja miongoni mwa sababu za katazo hilo kuwa vitu hivyo ni mapambo ya wenye kiburi. Leo sababu nyingine imeongezeka: baadhi ya wanyama hao wanaelekea kutoweka, na ngozi zao mara nyingi ni za ujangili.

Kupendeza si dhambi. Katika Sahih Muslim, Mtume (s.a.w.) alipoonya kuwa mwenye chembe ya kiburi haingii Peponi, mtu mmoja aliuliza juu ya anayependa nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri. Akajibiwa kuwa Allah ni Mzuri na anapenda uzuri, na kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Naona hadith hii inatuhusu sana. Kijana mwenye kiatu kinachong'aa alikuwa upande wa uzuri. Kudharau watu kulikuwa upande wetu.

WALIOSEMA NGOZI YOYOTE NI DHULMA

Wapo watu leo, hasa Ulaya na Marekani, wanaosema kuwa kuvaa ngozi ya mnyama ni dhulma kwa asili yake, na baadhi ya vijana wetu wanaosoma vyuoni wameanza kuuliza. Tusiwacheke. Muislamu anaamini kuwa Aliyeumba wanyama ndiye aliyeruhusu kunufaika nao, na Suratun-Nahl aya ya 5 inataja wazi kupata joto kwao, manufaa na chakula. Tena ng'ombe anachinjwa kwa ajili ya nyama. Ngozi yake ikitupwa ni israfu na uchafu. Na kandambili za plastiki tunazozitupa kila mwaka zinaziba mitaro ya Dar es Salaam na haziozi.

Hata hivyo watu hawa wanatukumbusha kitu ambacho tunacho katika dini yetu na tumekiacha kwenye vitabu. Ruhusa ya kunufaika na mnyama imefungwa pamoja na amri ya kumfanyia wema. Shaddad bin Aus (r.a.) amepokea, na imo katika Muslim, kuwa Allah ameandika ihsani katika kila jambo, hata katika kuchinja: kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Mtume (s.a.w.) alikataza kumchoma mnyama alama usoni. Ameeleza kuwa kiungo kinachokatwa kwa mnyama aliye hai ni mzoga. Na katika Nasai imepokewa onyo kwa anayeua shomoro bila ya haki yake, na haki yenyewe ni amchinje amle, si kumkata kichwa na kumtupa.

Sasa twende mnadani na machinjioni. Ng'ombe wanasafirishwa siku mbili tatu ndani ya lori wamebanana, wengine wamekanyagwa, wengine wamefungwa mikia. Wanashushwa kwa fimbo. Kisu ni butu kwa sababu mchinjaji anawahi wanyama arobaini kabla ya alfajiri. Mnyama anachinjwa huku mwenzake anatazama. Sisi tunauliza swali moja tu: je, aliyechinja alikuwa Muislamu na alitaja jina la Allah? Likijibiwa ndiyo, tunakwenda zetu na nyama na ngozi.

Ajabu ni kuwa dhulma hiyo inaandikwa kwenye ngozi yenyewe. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye ng'ombe wengi zaidi barani Afrika, lakini ngozi zetu nyingi zinashushwa daraja kwa sababu ya alama za moto zilizochomwa ubavuni, makovu ya fimbo na miiba, na mikato ya visu wakati wa kuchuna. Kisha mama muuza vitumbua analazimika kwenda kumnunulia mwanawe kiatu kilichotoka ng'ambo, kilichokwisha kuvaliwa na mtu mwingine. Ukatili umemla mnyama, ukamla na mfugaji.

Mfano wa punda unatufundisha zaidi. Kwa miaka kadhaa punda wa Afrika walichinjwa kwa wingi ili ngozi zao zichemshwe China kutengenezea dawa. Familia zilizotegemea punda kuchota maji na kubeba mizigo ziliibiwa wanyama wao usiku. Mwezi Februari 2024, mjini Addis Ababa, viongozi wa Umoja wa Afrika waliafikiana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Ngozi ile haikwenda kwenye viatu, lakini somo ni moja: ngozi inapokuwa na thamani kuliko uhai, mnyama na maskini huumia pamoja.

NGOZI YA UDH-HIYA YANGU

Hapa sina budi kujisema mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilipojaaliwa kuchinja udh-hiya, nilimuita mchinjaji wa mtaani. Tukapatana bei. Alipomaliza, akaniambia kama ilivyo desturi: "Ustadhi, utanipa shilingi kidogo, nyingine nitajihesabia kwenye ngozi na kichwa." Nikaona nafuu, nikakubali. Nikaenda kuswali Adhuhuri na moyo mweupe.

Miezi baadaye, nikiandaa somo, nikakutana na hadith ya Ali (r.a.) iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alimuamuru asimamie ngamia wake wa sadaka, agawe nyama zao, ngozi zao na matandiko yao, na asimpe mchinjaji chochote katika hivyo kuwa ni ujira wake. Ujira watautoa wao wenyewe kutoka mfukoni. Hadith hii nilikuwa nimeisoma chuoni na kuifanyia mtihani. Nilipata alama nzuri. Lakini siku ya kisu na ngozi sikuikumbuka, kwa sababu hapo ilikuwa inagusa pesa yangu.

Ndugu zangu, jambo hili ni la kawaida katika mitaa yetu kila Idi kubwa. Ngozi ya udh-hiya ni haki ya Allah (s.w.). Mwenyewe anaweza kuitumia nyumbani kwake, au kuitoa sadaka. Mchinjaji akiwa maskini anaweza kupewa sadaka kama maskini wengine, baada ya kulipwa ujira wake kamili. Kuigeuza kuwa sehemu ya malipo ni kuirudisha mfukoni sadaka uliyokwisha kuitoa.

Katika misikiti yetu kuna kamati za kila aina. Tungekuwa na watu watatu tu kila msikiti wa kukusanya ngozi za udh-hiya siku ya Idi, kuzitia chumvi ndani ya saa chache zisioze, na kuzikabidhi kwa maskini au madrasa inayohitaji, tungekuwa tumehuisha sunna na kuokoa mali. Chumvi ni rahisi. Kinachokosekana ni nia.

WALIOSHIKA NGOZI KABLA YETU

Haki nyingine ni ya watu. Ngozi haitengenezwi na malaika. Huko Dhaka, Bangladesh, mji wenye Waislamu wengi, viwanda vya ngozi vya eneo la Hazaribagh vilimwaga maji ya kromiamu katika mto Buriganga kwa miongo mingi, hadi mwaka 2017 vilipofungiwa huduma kwa amri ya mahakama ili vihamie Savar. Wafanyakazi, wakiwamo watoto, walishika dawa zile kwa mikono mitupu. Kanuni ya Mtume (s.a.w.) ya kutodhuru wala kudhuriana haikuishia kwenye ugomvi wa majirani na ukuta. Inafika mpaka kwenye mto.

Na karibu zaidi yupo fundi viatu wetu, aliyekaa chini ya mwarobaini na sindano yake. Tunampa kiatu asubuhi, tunakichukua jioni, tunamwambia "nitakupitishia kesho," na kesho haifiki. Mtume (s.a.w.), ambaye Bibi Aisha (r.a.) ameeleza kuwa alikuwa akishona viatu vyake mwenyewe nyumbani, ndiye aliyeamrisha mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, kama ilivyo katika Ibn Majah. Kiatu ambacho fundi anakudai kina kasoro ambayo dibagha haiisafishi.

KHOFU ILIYOJAA MAJI

Nimalizie kwa kisa ambacho kila mtoto wa madrasa anakijua, ila mara chache tunatazama chombo kilichotumika. Abu Huraira (r.a.) amepokea, na imo katika Bukhari na Muslim, juu ya mtu aliyekuwa njiani akashikwa na kiu kali. Akaingia kisimani akanywa. Alipotoka akamkuta mbwa anahema na kulamba udongo kwa kiu. Akaona kuwa kiu iliyompata mbwa huyu ni sawa na iliyompata yeye. Akashuka tena, akajaza maji khofu yake, akaishika kwa meno ili mikono imsaidie kupanda, akamnywesha yule mbwa. Allah akamshukuru na kumsamehe.

Khofu ni kiatu cha ngozi. Mtu yule hakuwa na kata wala ndoo. Alivua kilichokuwa mguuni mwake, akakitia mdomoni, kwa ajili ya mnyama ambaye sisi tukimgusa kwa unyevu tunaosha mara saba. Hukumu ya kuosha ni haki na tunaishika. Lakini mtu yule alisamehewa kwa huruma aliyokuwa nayo, na ngozi aliyovaa ikawa shahidi wake.

Nilirudi kwa mama yule nikamweleza haya kwa urefu kuliko nilivyoandika hapa. Nikamwambia hakumwingiza mwanawe motoni, na kwamba pesa ya vitumbua ni halali kuliko fedha nyingi zinazoingia kwenye masanduku yetu. Nilimwomba kijana radhi kwa kunyamaza kwangu. Aliniitikia kwa adabu. Kisha nilikwenda kwa mzee. Nilimwamkia, nikaketi chini, nikamsomea hadith ya Jibril na viatu. Akanyamaza kitambo, akasema: "Mwanangu, mbona hukuniambia siku ile ile?" Sikuwa na jawabu.

Ijumaa iliyofuata kijana alikuja. Viatu ni vilevile, vimepigwa dawa. Mzee alimshika mkono akamweka karibu yake katika safu ya pili.

Basi ndugu msomaji, kesho ukifunga kamba za viatu vyako, anza na mguu wa kulia kama ilivyo sunna, na ujiulize machache: ni safi? Nimevilipia? Aliyevishona hanidai? Mnyama huyu, angepewa ulimi, angenisemea nini? Maana yule aliyesema katika Suratu Fussilat, aya ya 20 na 21, kuwa ngozi za watu zitatoa ushahidi juu ya waliyoyatenda, hashindwi kuiuliza na ngozi ya mnyama.

Ewe Mola wetu, tutwaharishie miguu yetu na nyoyo zetu, utujaalie huruma kwa viumbe vyako, na utusamehe tuliponyamaza palipostahiki kusema. Amin.

Wabillahi Tawfiq.